Orodha ya Madam

Sitawaambia alizaliwa wapi, wala baba yake aliitwa nani. Hizo ndizo habari watu huanza nazo wanapomweleza mtu, na mwanzo wa mwaka huu tumeona kule Nakuru jinsi zinavyoweza kumuua. Jina la pili lilitosha. Kwa hiyo nitamwita vile alivyoitwa na wanafunzi, na mabawabu, na hata yule Mhindi mwenye jengo aliyeuza majembe na vipuri vya trekta hapo chini: Madam.

Nilifanya kazi naye miaka sita katika chuo chake cha kompyuta, vyumba viwili ghorofani, na miaka yote hiyo nilimwogopa kidogo. Siku hizi ninamwogopea, jambo ambalo ni baya zaidi. Ninaandika haya kwa sababu kuna simu ninayopaswa kupiga na sijaipiga.

Alianza na taipureta, kabla kompyuta hazijafika mjini. Mbili alizibakiza pembeni mwa darasa, chini ya vifuniko vya plastiki, na kila mwanafunzi mpya alipiga taipu juma zima kabla ya kuruhusiwa kugusa kompyuta. Vijana walinung'unika. "Madam, si sisi tumekuja kusoma pakeji za kompyuta?" Naye alijibu bila kuinua kichwa, "Pakeji itakukuta. Kwanza vidole viache kuogopa."

Kisha alikaa akiwapa mgongo, na kikombe chake cha chai, akasikiliza. Alimjua kila mtu kwa mlio wa vidole vyake. "Wewe wa dirishani, kata kucha." "Wewe, kidole cha mwisho kimelala, kiamshe." Siku moja msichana fulani alimtuma dada yake amfanyie mtihani. Walifanana sana, na mimi niliyesimamia sikugundua lolote. Mtihani haukuwa umefika mstari wa tatu Madam alipoinua mkono, bado ametupa mgongo, akasema, "Huyu si wangu." Yule dada alichukua mkoba wake akaondoka. Tulicheka wiki nzima. Baadaye nilikuja kuikumbuka siku hiyo na sikuona cha kuchekesha.

Chai yake haikuwa na sukari. Alisema sukari ikimwagika kwenye kibodi haitoki, na mtu akizoea kitu kitamu atakitaka popote. Mwaka mzima alivaa sweta moja ya rangi ya damu ya mzee, joto lije, baridi ije, na mkoba wake ulikuwa na rula ndefu iliyochomoza nje. Maandazi alikula akiwa amejifungia stoo. Sijui kwa nini. Pengine aliona kwamba mwalimu akionekana anatafuna, wanafunzi watajua naye huwa na njaa.

Jambo moja lililomsumbua kila aliyefanya kazi naye ni kwamba hakusema uongo. Sisemi kwamba alikuwa mtakatifu, maana alikuwa na ulimi mkali na alijua kununa. Lakini uongo haukumtoka. Mzazi akija kuuliza kama bintiye atafaulu, Madam alimwambia, "Hapana. Kosa kubwa ni lake na dogo ni langu." Mzazi alimchukua mtoto akampeleka kwingine, na Madam alimshika mkono akamwonyesha ngazi isiyo na taa asije akajikwaa. Mkaguzi alipouliza kama kile kizima moto ukutani kinafanya kazi, alisema hajui, kwa sababu hapo hapajawahi kushika moto. Mimi nyuma yake nilitamani sakafu ipasuke.

Tulijifunza kuishi na tabia hiyo. Ukitafutwa na mtu usiyetaka kumwona, usithubutu kumwomba Madam aseme umetoka. Alikuwa akikuambia, "Kama hutaki niseme uko, basi usiwe." Basi tulikuwa tunatoka nje mbio, tunasimama kwenye ngazi, naye akimjibu mgeni kwa moyo mweupe kabisa kwamba mwalimu hayumo ndani. Mimi nimesimama kwenye ngazi zile mara nyingi nikimkwepa msichana mmoja wa Naivasha ambaye leo natamani angekuwa bado ananitafuta.

Na mtu huyo huyo aliyechukia umbeya, ambaye mwanafunzi akianza kusema "umesikia fulani" alimrudisha kwenye taipureta, ndiye aliyekuwa na hamu isiyokwisha ya kujua wageni wa tovuti yake ni kina nani. Hilo sikulielewa kamwe.

Tovuti yenyewe ilikuwa ubao wa matangazo. Alianza kuijenga na wanafunzi mwanzoni mwa mwaka jana, ili wawe na kazi ya kweli ya kufanyia mazoezi. Mtu yeyote aliweza kuandika tangazo na kulituma, likatokea papo hapo: mazishi, harusi, nyumba za kupanga Kiamunyi, ng'ombe aliyepotea Subukia mwenye doa jeupe begani. Wasomaji hawakuwa wengi, lakini walitoka mbali, watoto wa huku walioko Nairobi, wafanyakazi wa maua kule Naivasha wanaoingia saiba kutumia intaneti siku ya mapumziko. Madam akataka kujua wanasoma kwa kutumia nini. Akatafuta, akapata programu huria, moja ya zile za bure ambazo mtu yeyote anaweza kuzifungua ndani, akasoma zilivyoandikwa, akazirekebisha na kuwarudishia wenzake duniani.

Kazi ya programu hiyo aliwaeleza wanafunzi hivi. "Kanisani mgeni si husimama akasema anaitwa nani na ametoka kanisa gani? Basi kila simu na kila kompyuta ikifika kwenye tovuti hufanya vivyo hivyo. Inasema, mimi ni kifaa fulani, nimekuja na kivinjari fulani, nimezoea lugha fulani. Shida ni kwamba inasema kwa herufi na namba ambazo hazisomeki. Hii programu ina orodha. Inatazama orodha, inatuambia mgeni ni nani."

Orodha ile ilikuwa haijakamilika, na hilo ndilo lililomteka. Watu wa nchi mbalimbali waliijaza kwa kujitolea, kila mmoja akituma utambulisho wa kifaa alichokiona kwao. Madam aliichukua kazi hiyo kama watu wanavyochukua kwaya. Alikuwa akimkamata mtu kwenye ngazi, "Hebu simu yako." Alimkamata kasisi. Alimkamata Mhindi wa chini katikati ya kuuza plau, na yule mzee akatoa simu yake kubwa kwa heshima zote huku mteja akingoja. Na chini ya kila tangazo kwenye ubao akaweka mstari mdogo wa kijivu wenye utambulisho mzima wa kifaa kilicholituma, herufi na namba kama zilivyokuja, ili mtu akiona chake amletee habari.

Vifaa vyote alivyotuma vilikuwa tayari kwenye orodha, isipokuwa kimoja, nacho kilikuwa changu. Shangazi yangu anatunza wazee Ujerumani, naye alinitumia simu ya kufunguka na kufungika, ambayo jina lililoandikwa juu ya ganda lake halikufanana kabisa na ule utambulisho iliousema mtandaoni. Programu iliitazama ikasema: haijulikani. Sijawahi kumwona Madam akifurahi vile. Alinakili kila kitu, akamtumia mtu anayeitunza orodha huko ng'ambo, na toleo lililofuata likatoka likiwa na mstari wa Madam. Aliwaita wanafunzi wote waje waone. Mwishoni mwa mstari kulikuwa na maelezo yake mwenyewe: imejaribiwa Nakuru, Kenya, kwa simu ya mwalimu mwenzangu.

"Mwalimu," akaniambia, "umeingia duniani." Wanafunzi walipiga makofi. Chuo kilikuwa na walimu wawili tu, yeye na mimi.

Kisha ukaja uchaguzi, na yaliyofuata mnayajua. Sitaki kuyasimulia. Nitasema tu kwamba mwezi wa kwanza ule ubao wa ng'ombe na nyumba ukageuka ghafla. "Mama wa watoto watatu aliyekuwa akiuza mboga karibu na stendi yuko kanisani, mzima." "Yeyote aliyemwona ndugu yangu mwenye koti la bluu." Watu wa Nairobi na Naivasha walikuwa wakiusoma kisha wanawapigia simu jamaa zao huku. Madam alifungua chuo saa nne na kufunga saa nane, kwa sababu ya kafyu, na katikati alikaa mbele ya ubao akifuta matusi yote na kila tangazo lililotaja kabila la mtu. Mstari wa kijivu hakuukumbuka. Hata mimi sikuukumbuka.

Nilikuwa nimepanga chumba katika ploti moja na binamu yangu, mtoto wa mjomba. Jumanne moja adhuhuri, siku nisiyokuwa na kipindi, nilikuwa nachota maji kwenye tangi, nikasikia sauti yake upande wa pili wa mabati, na za wenzake. Walikuwa wanapanga kwenda Alhamisi kwenye zile nyumba zilizo nyuma ya kanisa la mabati. Walizungumza kwa utaratibu, nani atabeba petroli na nani atasimama wapi, kama watu wanaopanga sherehe. Nyuma ya kanisa alikaa mama aliyenipikia maharagwe tangu nihamie mtaa ule. Nilijua majina ya watoto wake.

Mtu mwenye moyo angeenda kumwambia. Mimi niliogopa kuonekana nikivuka barabara ile. Nikaingia chooni, nikafunga mlango, nikafungua simu ya shangazi, na kwa dakika ishirini nikabonyeza vile vitufe vidogo mpaka nikaandika hivi: "Walio nyuma ya kanisa la mabati tokeni kabla ya Alhamisi. Tokeni mchana. Msingoje." Nikatuma. Kwenye simu, mstari wa kijivu haukutokea, maana Madam alikuwa ameupunguza ukurasa wa simu uwe mwepesi. Mimi niliyekuwa nikiwafundisha wanafunzi habari za mstari ule nilikuwa nimeusahau kabisa. Hofu hufanya hivyo kichwani.

Alhamisi nyumba zilichomwa. Ndani hamkuwa na mtu. Nilifurahi nusu siku, kisha Ijumaa asubuhi nikakutana na binamu kwenye tangi, macho mekundu.

"Cuzo," akasema, "kuna mtu ametuuza. Lakini tutamjua tu."

Jumatatu nilipofika chuoni Madam alikuwa ametangulia. Ule mstari wa kijivu ulikuwa umetoweka kwenye ubao mzima. "Nimeutoa," aliniambia. "Ningeutoa zamani." Hakunitazama, na mimi nikajifanya sijui anazungumzia nini. Lakini matangazo ya juma lile yalikuwa yameshachapishwa kwenye karatasi na mtu, mahali fulani, pamoja na mistari yake.

Walikuja saa tano, darasani mkiwa na wanafunzi wanne. Binamu yangu, na mwanaume mmoja wa makamo mwenye miwani, aliyewahi kuwa fundi wa simu za maofisini. Walisimama mlangoni.

"Kofia," Madam akasema.

Wote wawili walivua. Hata leo sijui ni kwa nini, ila walivua.

"Madam, hatujakuja kwa ubaya," binamu akasema. "Tunataka tu kujua nani aliandika hii maneno."

"Hakuandika jina."

"Tunajua hakuandika. Ndio maana tumekuja kwako."

Yule wa miwani akaiweka karatasi mezani na kugusa upande wa chini kwa kidole. "Hii laini hapa. Hii si ni ile kitu simu inasema ikiingia kwa mtandao?"

"Ndiyo," Madam akasema.

"Sasa hii ni simu gani?"

Simu yenyewe ilikuwa mfukoni mwangu. Sikuwa na hakika kama nimeizima. Binamu alikuwa na namba yangu, na simu ile alikuwa ameishika mara nyingi akisikiliza redio. Kama mashine ingesema tu kwamba ni simu ya kufunguka, iliyouzwa Ujerumani, asingehitaji kuambiwa lingine. Akanigeukia.

"Cuzo, niaje. Kwani wewe huwezi kusoma hii?"

"Hizo ni za Madam," nikasema. Ndivyo nilivyosema. Nilimsukumia mwanamke mtu mzima kwa maneno manne, na nikakaa.

Madam alivuta kiti mbele ya kompyuta. "Mimi sikisii," akamwambia wa miwani. "Tuulize programu. Wewe soma, mimi nichape." Basi yule mwanaume akasoma herufi moja moja, namba moja moja, na Madam akachapa kwa vidole vyote kumi, bila haraka. Nilihesabu pumzi zangu. Nilifikiria dirisha, nikakumbuka kuwa ni ghorofani. Akabonyeza kitufe cha mwisho, na sote tukasogea kutazama.

Haijulikani.

"Mashine haiijui," Madam akasema.

"Na wewe?"

Wanafunzi wanne waliacha kuchapa. Madam alimgeukia yule mtu. "Umeniletea karatasi," akasema, "nimeiuliza kompyuta mbele ya macho yako. Ukitaka kuiuliza roho yangu, hiyo huulizwa Jumapili."

Mwanaume alicheka kidogo puani. Kisha akasema, kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha zaidi, "Hiyo programu inaitwaje?"

Madam akamwambia. Alimtajia jina lote, akamwendelezea herufi kwa herufi, na mwanaume akaandika nyuma ya ile karatasi. "Ni ya bure," Madam akaongeza. "Yeyote anaweza kuichukua akaisoma."

"Nitapata mtu Nairobi aniangalilie," akasema. Wakavaa kofia zao kwenye ngazi.

Madam alimaliza kipindi. Kisha akajimiminia chai, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita nikamwona akiweka sukari, vijiko vitatu, akakoroga muda mrefu bila kunywa. Nilifungua ile orodha kwenye kompyuta yetu. Mstari wa simu yangu haukuwamo.

"Nimeutoa Ijumaa," akasema. "Mtu akiwa nje kwenye ngazi, unaweza kusema hayumo ndani."

Basi alijua. Alijua tangu alipousoma ule mstari wa kijivu, vile alivyomjua yule dada kwenye mtihani. Na ili amjibu mwanaume yule bila uongo, alikuwa ameufuta mstari pekee katika orodha nzima ya dunia uliokuwa wa kwake.

"Lakini Madam, umemwambia jina la programu!"

"Aliniuliza."

"Kule nje mstari bado uko! Na yale maelezo yako, ya mwalimu mwenzangu!"

"Najua," akasema. Akainuka akafunga mlango kwa ufunguo, mchana kweupe, wanafunzi wakiwa wameshaenda. Nikamwona akiujaribu mlango mara mbili, nikajua kwamba naye anaogopa kama mimi. Nilitegemea asiogope. Hata nilikasirika, kama mtoto anayekasirika mzazi akilia.

Nikawaza, mtu huyu ni mjinga au ni nini? Angesema tu jina lolote la uongo, nani angejua? Nimeliwaza hilo mara nyingi na kila mara nimefika pale pale. Hakuwa mjinga. Kulikuwa na kitu kimoja alichojijengea maishani, kama mtu anavyojenga choo cha mawe wakati nyumba bado ni ya udongo, na hakuwa tayari kukibomoa kwa sababu ya mtu mwenye miwani. Wala kwa sababu yangu, nilidhani wakati huo.

Majuma yaliyofuata niliishi nikisikiliza nyayo. Simu ya shangazi niliizima, nikaifunga kwa plastiki, nikaifukia ndani ya mkebe wa unga. Nikanunua simu ya tochi, mulika mwizi kama wanavyoiita, na binamu alipouliza ile nyingine iko wapi nikasema nimeporwa kwenye vurugu. "Pole sana, cuzo," akasema, na akaniangalia muda mrefu kuliko pole ilivyohitaji. Kuondoka mtaani mara moja kungekuwa sawa na kukiri. Nikangoja mpaka mwezi wa tatu, nikapata kazi ya kufundisha katika shule moja ya kutwa huku Subukia, nikaaga kila mtu kwa sauti kubwa, nikaja. Madam nilimwacha na chuo chenye wanafunzi watatu. Hakunilaumu. Alinipa rula.

Majuma matatu yaliyopita, siku ya Jumatano, wakati wa mapumziko ya saa nne, nilimkuta amekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya walimu. Sweta ile ile, vumbi hadi kwenye vifundo vya miguu. Alikuwa amekonda. Nilimletea chai, tukaenda kukaa nyuma ya maktaba ambako wanafunzi hawafiki, na hakuuliza habari za mvua wala za mahindi.

"Alirudi," akasema. "Wa miwani. Jumatatu. Safari hii amesoma."

Kikombe changu nilikiweka chini. "Amesoma nini?"

"Orodha. Amepata mtu akaifungua. Ameukuta mstari."

"Na maelezo?"

"Na maelezo." Alikunywa. "Lakini amesoma toleo jipya, la mwezi wa tano. Mwezi wa pili nilimwandikia yule anayeitunza. Nikamwomba abadilishe maelezo yangu. Akabadilisha, ni mtu mzuri. Sasa yanasema imejaribiwa Nakuru, kwa simu yangu mwenyewe."

Miaka sita sikuwahi kumsikia akisema kwamba chai ni nzuri kama si nzuri.

"Madam," nikasema, "hiyo si kweli."

"Ndiyo maana nimekuja. Nipe."

Nilidhani sijasikia vizuri. Akanyoosha mkono, kiganja juu. Mwanaume yule alitaka kuiona simu kwa macho yake, na Madam alikuwa amemwambia aje Ijumaa amwonyeshe. Akiiona mkononi mwake ataacha kutafuta, maana atakuwa amempata mwenye simu. Nilimwambia binamu yangu anaijua simu ile. Akasema ameulizia, binamu yuko Naivasha kwenye maua, na hata kama angekuja angemwambia kwamba niliiacha kwake. Sikumwambia kwamba binamu nilimdanganya nimeporwa. "Si utakuwa umeniachia?" akasema. "Lakini uniachie kabisa. Sitaki kuazima."

"Na akikuuliza kama ni wewe uliyeandika?"

Wanafunzi walikuwa wanapiga kelele uwanjani, kengele ilikuwa karibu.

"Sijui," akasema. "Hapo ndipo sijafika. Naogopa, mwalimu. Usiku silali."

Ningesema, acha, nitaenda mimi. Ningesema tuende pamoja. Ningesema tuitupe ziwani na tuhame sote. Nilikuwa na muda wa kusema yote hayo nilipokuwa natembea hadi chumbani kwangu nyuma ya shule, nikitoa mkebe, nikipangusa unga kwenye bawaba za simu, na nilipokuwa narudi. Nilimpa. Alitoa laini yangu ya zamani akanirudishia, akaweka yake, akaiwasha, ile simu ikamsalimia kwa Kijerumani, naye akaandika humo namba yangu mpya.

"Ijumaa akiondoka nitakuflash, mlio mmoja tu," akasema. "Wewe usinipigie. Hutajua nimekaa na nani." Akaitia kwenye mkoba, akashuka kuelekea barabarani, na mimi kengele ikalia nikaingia darasani nikafundisha.

Ijumaa sikula. Saa kumi na dakika kumi simu yangu ya tochi iliita mara moja, ikakatika. Namba yake. Nilikaa chini pale pale kwenye nyasi nikacheka peke yangu, na machozi yakanitoka, na mlinzi wa shule akauliza kama nimepata mtoto.

Furaha ile ilifika jioni tu. Simu ilikuwa yake, na namba ilikuwa yake, lakini mkono uliobonyeza sikuuona. Mtu yeyote aliyeshika simu ile angeiona namba yangu, ya mwisho aliyoiandika Madam, akaibonyeza, aone nani atapiga kuuliza. Toka hapa hadi Nakuru si mbali. Sijaenda. Tangu siku ile hajaflash tena, na kila asubuhi natoa namba yake, naitazama, kidole kiko juu ya kitufe, na siipigi, kwa sababu akipokea mtu mwingine nitakuwa nimemwambia mimi ni nani.